Sukuma wiki ni mboga, si mpango

Andika "mpango wa chakula wa wiki" kwenye simu yako uone utakacholetewa. Dada wa ng'ambo amesimama mbele ya friji ya milango miwili, amepanga vibakuli 21 vya plastiki, kila kimoja kina kipande cha kuku, brokoli na wali wa kahawia. Amepika Jumapili moja, wiki nzima amemaliza. Sasa wewe uko Magwagwa, stima imepotea tangu jana, friji pekee unayoijua ni ile ya soda pale dukani, na mfukoni una mia mbili na hamsini. Unacheka, unafunga simu, unaenda kukopa unga.

Mimi naona hapo ndipo tunapotea. Tumeona picha ya mtu mwenye friji, tukaamua kupanga chakula ni mambo ya watu wenye friji. Lakini mwenye friji na mshahara hata asipopanga atakula. Mboga zikimwozea atatupa, atanunua zingine. Anayehitaji mpango kabisa ni yule ambaye akiteleza Jumanne, Ijumaa analala na turungi na mkate nusu, yeye na watoto.

Nijitambulishe kidogo ndio ujue naongea nikiwa upande gani. Niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, nikakaa Pipeline kule Nairobi nikiandika blogu na kufanya vibarua vya mtandaoni, na sasa nimerudi ushago. Magwagwa ni wadi moja kati ya tano za North Mugirango, kaunti ya Nyamira. Nimekodi chumba kimoja karibu na soko, na wikendi nakula kwa magokoro, yaani nyanya yangu. (Nyanya wa watu, si nyanya ya kachumbari.) Kwa hivyo nimeonja maisha yote mawili: yale ya kununua kila kitu mpaka maji, na haya ya kuwa na shamba nje ya mlango na bado kununua mboga.

Tuanze na vile pesa zetu zinatembea, maana huwezi kupanga sufuria kama hujui pesa inaingia lini. Hapa kwetu pesa kubwa ni ya majani chai. Mkulima mdogo anapeleka majani kituoni, kiwanda kinamlipa kiasi fulani kwa kilo kila mwezi, halafu mara moja kwa mwaka, kawaida mwezi wa kumi, inakuja bonasi. Hivyo ndivyo viwanda vya KTDA vya Nyamira, kama Sanganyi, Kebirigo na Gianchore, vinavyolipa. Asiye na chai yake anawachunia wengine na kulipwa kwa kilo. Vijana wako kwa boda, wengine mjengo, wengine wanauza miwa na ndizi kando ya barabara. Mmoja analipwa kwa siku, mwingine kwa mwezi, mwingine kwa mwaka. Tumbo halijui hizo kalenda. Likifika saa moja jioni linauliza.

Hapo katikati ya pesa ya mwaka na njaa ya jioni ndipo kadogo imejenga nyumba. Mafuta ya ishirini, sukari ya kumi, majani ya chai ya tano. Eti mtu anayekaa katikati ya chai ananunua majani ya chai ya shilingi tano! Hiyo nyingine ni story ya siku nyingine. Kadogo inaonekana ni rahisi kwa sababu haiumi kwa mara moja. Lakini fanya hesabu mwenyewe. Mafuta ya shilingi 20 mara mbili kwa siku ni 40. Kwa wiki ni 280. Kwa wiki nne ni 1,120. Sasa nenda dukani kwenu uulize lita moja nzima ni ngapi na inakaa siku ngapi kwa nyumba yako. Sitakuandikia jibu kwa sababu bei ya duka lenu siijui, ila kila mtu ambaye nimemwambia afanye hesabu hiyo amerudi akiwa amenyamaza.

Kuna kitabu kingine kinaitwa daftari la deni. Kila duka la kijijini linalo, limefungwa na raba, liko chini ya kaunta. Mimi nasema mpango wako wa kwanza wa chakula ulishaandikwa zamani, na aliyeandika ni mwenye duka. Nenda kwake saa ambayo hakuna watu, umwombe kwa heshima: "Mama, naomba nione ukurasa wangu wa mwezi uliopita." Hapo utaona ukweli ambao kichwa chako hakikuambii. Utaona ni siku gani za mwezi unaanza kukopa. Utaona ni unga ama ni soda na mandazi. Utaona kuna tarehe zinarudi kila mwezi, kama mvua. Mtu ambaye anaanza kukopa kila tarehe 18 hana mkosi. Pesa yake inaisha tarehe 17, basi, na hiyo ni habari njema kwa sababu tarehe 17 inaweza kupangiwa.

Deni la dukani angalau lina uso. Mwenye duka akiona umezidi anakwambia "leo hapana, lipa kwanza." Deni la simu halina aibu. Ukifuliza ya unga leo, kesho kuna ada juu yake, na pesa ya kwanza kuingia kwa simu inamezwa kabla hujaiona. Kufuliza chakula ni kula cha kesho leo, halafu kesho unalipa na kodi juu.

Sasa tuje kwa sukuma. Angalia jina lenyewe: mboga ya kusukuma wiki mpaka ifike mwisho. Wakenya tuliipa mboga jina la shida yetu, halafu tukaiachia na kazi ya kufikiria. Jumatatu ugali sukuma, Jumanne ugali sukuma, Jumatano ugali sukuma na ka-nyanya. Sina vita na sukuma, naipenda hasa ikikatwa nyembamba na isichemshwe mpaka ifanane na blanketi. Lakini ukimuuliza mtu kwa nini leo ni sukuma, atakujibu "si ndio iko." Hilo jibu ndilo nimelikataa.

Kwa sababu kama kuna mahali Kenya hii ambapo hatufai kukwama kwa mboga moja, ni Gusii. Kuna chinsaga, kuna rinagu, kuna enderema, kuna emboga, kuna majani ya maboga. Chinsaga ukiipika polepole na kuimalizia kwa maziwa, wengi tunaapa ni tamu zaidi siku ya pili. Kuna ndizi za kupika, viazi vitamu, wimbi. Omena inatoka ziwani, na ziwa si mbali. Shida ni kwamba mashamba yamebanana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 605,576 Nyamira, karibu watu 675 kwa kila kilomita mraba, na nyumba nyingi chai imefika mpaka mlangoni. Kwa hivyo mtu ana robo eka ya kijani kibichi na hana jani la kuweka kwa sufuria. Chai hailiwi na ugali. Mistari miwili ya chinsaga nyuma ya jikoni, ama gunia la udongo lenye matundu limepandwa sukuma na enderema, ingeondoa mama wengi kwa foleni ya mboga ya ishirini. Sisemi ung'oe chai. Nasema ile mistari miwili ya karibu na jikoni, ambapo maji ya kuosha vyombo yanamwagwa kila siku bure.

Haya, unaanzaje? Wiki ya kwanza usibadilishe kitu. Andika tu. Kila jioni, kabla hulale, andika kile nyumba imekula na pesa iliyotoka, hata kama ni shilingi kumi ya dania. Tumia daftari la watoto la kurasa 32, usitumie programu ya simu. Nimejaribu hizo programu, zinakuuliza kalori na uzito wa parachichi, zinamaliza bando. Daftari linakaa jikoni na kila mtu anaweza kuandika.

Wiki ya pili panga chakula cha jioni peke yake. Watu wanakata tamaa kwa sababu wanataka kupanga milo 21 kwa mpigo. Wacha asubuhi iwe uji ama chai vile iko, wacha mchana ujisukume. Jioni ndiyo inakula pesa na ndiyo inakutanisha nyumba. Na wiki yako isianze Jumatatu kama ya ofisi. Ianze siku ya soko lenu, kwa sababu hiyo ndiyo siku vitu ni vingi, bei inaongeleka, na unaweza kununua kwa fungu ama kwa gorogoro.

Halafu sheria ambayo wenye friji hawaijui: kula kwa mpangilio wa kuoza. Siku ya soko na kesho yake, kula majani laini, yaani rinagu, emboga, enderema, kwa sababu hayangoji mtu. Chinsaga ipike siku ya pili, ikukinge na ya tatu. Katikati ya wiki ingia kwa maharagwe. Karibu na mwisho ndipo kabichi inatoka, kwa sababu kabichi nzima ikikaa mahali pa baridi na giza inavumilia. Omena kavu na ndengu ni za siku ya mwisho kabla ya soko, ile siku ambayo nyumba nyingi zinaanza kutazamana. Siku moja ya wiki weka ndizi za kupika ama viazi vitamu badala ya ugali, unga upumzike. Avokado ukinunua tatu, chagua moja imeiva na mbili bado ngumu, zifuatane. Mayai yakae tu pale juu, nitarudi kwake.

Maharagwe nataka tuyakalie kidogo kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza makaa. Yaloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga hayo maji, weka mengine, chemsha. Yataiva haraka kuliko yale ya kurushwa kwa moto yakiwa makavu, na kama unatumia makaa ama mtungi wa gesi wa kilo 6 unajua moto ni pesa. Chemsha ya siku mbili kwa pamoja. Ya leo yaunge na kitunguu na nyanya. Ya kesho yaache bila chochote ndani, yafunike, uyachemshe tena vizuri kabla ya kulala na asubuhi, na jioni yachanganye na mahindi iwe githeri. Bila friji usipitishe hapo. Yakitoa povu na kunuka uchachu, mwaga, usianze kujidanganya na kitunguu.

Kwa wale vijana wenzangu wa chumba kimoja, mambo ni tofauti kidogo na msidanganywe na watu wa mtandaoni kwamba lazima upike kila kitu. Mtu mmoja kuwasha jiko saa mbili kwa sababu ya kikombe cha maharagwe ni kuchoma pesa. Nunua madondo yaliyochemshwa kwa mama anayeuza, unga mwenyewe nyumbani, songa ugali wako. Ama kula kibandani siku mbili ulizochagua mapema. Chapo madondo ya Jumatano iliyoandikwa kwa daftari haina makosa. Ile ya kila siku, mara mbili, kwa sababu umerudi umechoka na nyumba haina kitu, hiyo ndiyo inakula kodi ya nyumba.

Najua pingamizi zenyewe, nimezisikia zote. Jirani yangu wa boda aliniambia: "Buda, mimi napata doh ya siku. Nitapangaje wiki na sijui kesho nitabeba nani?" Ni swali la haki. Jibu langu kwake lilikuwa hili: usipange wiki nzima, toa kitu kimoja kwenye kadogo. Kimoja tu. Weka shilingi 50 kando kila siku kwa siku sita, siku ya soko una 300. Wiki hiyo nunua mafuta ya chupa. Wiki inayofuata huna haja ya mafuta ya ishirini, kwa hivyo ile 40 ya kila siku imebaki mfukoni, iongeze kwa 50, sasa nunua mahindi ya gorogoro usage. Wiki ya tatu maharagwe. Kuna wiki mvua itanyesha siku tatu na boda haitatoka. Hiyo wiki utarudi kwa kadogo, na sawa, endelea inayofuata. Na mkiwa watu watano stejini mnaoaminiana, mnaweza kununua gunia kwa pamoja mgawane kwa gorogoro. Wamama wa chama wamefanya hivyo kwa miaka. Sisi wanaume chama chetu ni cha jezi na nyama choma, hatujawahi kukalia mahindi.

Hilo linanileta kwa jambo ambalo watu hawapendi niliseme. Kwa Ekegusii "baba" ni mama na "tata" ni baba, nyinyi wengine mnachanganyikiwa hapo. Lakini kwa nyumba nyingi pesa ya chai inaingia kwa simu ya tata, na baba ndiye anaulizwa "leo tunakula nini." Mtu mmoja ana pesa bila swali, mwingine ana swali bila pesa. Hapo hata ulete daftari la dhahabu halitasaidia. Nimeona mama akipanga vizuri kabisa mpaka Alhamisi, halafu Alhamisi ile pesa aliyoambiwa itakuja imeishia kwa kikao cha wanaume sokoni. Kama wewe ni mwanaume na unataka kuanza, anza kwa kutaja hadharani mbele ya mke na watoto wakubwa ni pesa ngapi za chakula kwa wiki, na uzitoe siku ya soko, zote kwa pamoja. Ukitoa mia kila jioni kama mtu anayelipa faini, umeilazimisha nyumba iishi kwa kadogo hata kama una pesa ya gunia.

Magokoro naye alikuwa na swali lake. Nilimsomea mpango wangu wa siku saba, akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na mgeni akija, mjukuu wangu, utamsomea hiyo karatasi?" Ukiwa Mgusii hilo swali linakufunga mdomo. Hapa huwezi kumwachia mtu aondoke bila kula, na hakuna anayepiga simu kusema anakuja. Mipango yote ya mtandaoni inakufa hapo, kwa sababu imehesabu vichwa vinne na kibakuli cha tano hakipo. Ndio maana nikasema mayai yakae pale juu. Mayai mawili na kikombe cha unga ni fungu la mgeni. Halihesabiwi kwa siku yoyote ya wiki. Mgeni asipokuja, mnalila siku kabla ya soko na kulijaza upya. Magokoro alikubali, ila akasema mayai mawili ni ya mgeni mwembamba.

Sasa kuna watu watafurahia makala hii kwa sababu mbaya. Nawajua. Watasema, mnaona, hata vijana wenyewe wanasema shida ni kutopanga. Hapana. Julai 2022 pakiti ya unga wa kilo mbili ilipita shilingi 200. Serikali ikatangaza ruzuku iuzwe 100, uchaguzi ukiwa mlangoni, na pakiti zenyewe zikawa ngumu kupatikana madukani. Baada ya uchaguzi ruzuku ikaondolewa. Hakuna daftari la jikoni lingezuia hiyo bei. Vilevile wakulima wa chai wa upande wetu wa magharibi mwa Bonde la Ufa wamelalamika mwaka baada ya mwaka kwamba bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki, na kilo ni kilo. Mama ambaye amelipwa kidogo kwa majani yake anaweza kupanga kama mhasibu na bado akakosa. Kwa hivyo kiongozi asije kwa mkutano kutufundisha kubana matumizi. Tupange sisi, na yeye ajibu kuhusu bei.

Halafu tusipange kupita kiasi. Sisi watu wa Magwagwa mipango ya makaratasi tunaijua. Bwawa la umeme la Magwagwa kwenye mto Sondu limekuwa kwa makaratasi tangu kabla sijazaliwa. Mpango wa chakula ambao una rangi nne na jedwali la vitamini utafuata njia hiyo hiyo. Mistari saba, jioni saba, fungu la mgeni chini. Ikifika hapo inatosha.

Ukishazoea wiki, kuna mambo mawili ya mwaka ya kuandika kwa jalada la daftari, moja la omena na moja la bonasi.

La omena: kila mwaka uvuvi wake ziwani unasimamishwa kuanzia Aprili mpaka Julai ili zizaane, na zikipungua bei inapanda. Kwa hivyo Machi ndio wakati wa kununua gorogoro ya ziada, uianike tena juani mpaka ikatike ukiikunja, uifunge vizuri panya asiione.

La bonasi ndilo kubwa. Inaingia mwezi wa kumi, na kuanzia hapo mpaka Desemba ndipo mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yanavunwa, kwa hivyo kawaida ndipo bei ya gunia inashuka. Mara moja kwa mwaka mkulima wa chai ana pesa wakati ule ule mahindi ni rahisi. Na ndio wiki ambayo sokoni kuna viti vya plastiki vipya, spika mpya na mbuzi wanapungua. Gunia la kilo 90, nyumba ikitumia kilo moja na nusu kwa siku, ni siku 60. Magunia mawili ni siku 120. Ukianza mwanzo wa Novemba unavuka Krismasi, unavuka wageni wa Nairobi ambao wanakuja na keki na kuondoka na ndizi, unavuka Njaanuari yote na Februari. Nunua kabla ya spika.

Ila usinunue mahindi mabichi kwa sababu ni bei rahisi. Yakifungiwa na unyevu yanaota ukungu, na ukungu huo ndio unaleta ile sumu inaitwa aflatoksini, ambayo haitoki kwa kusaga wala kupika. Wazee wanauma punje wasikie ikipasuka. Njia nyingine haihitaji meno: chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, halafu iache dakika chache. Chumvi ikishika kwa kioo, mahindi bado yana maji, mrudishie mwenye nayo ama uyaanike siku zingine. Ikianguka chini yote, lipia ubebe.